Unga Usiopikwa

Muulize mtu yeyote aliyekulia Buyenzi, pale Bujumbura, atakwambia uji wa Mayasa ulikuwa uji wa namna gani. Mwezi wa Ramadhani watu walikuwa wakiacha futari za majumbani kwao, wanakuja na mabakuli kusimama barazani kwake, na aliyechelewa anarudi mikono mitupu huku ananung'unika. Miaka thelathini mwanamke yule alikoroga uji. Aliozesha binti watatu kwa uji, akamsafirisha Bakiri, kitinda mimba wake, mpaka Afrika Kusini kwa uji huohuo. Sasa leo yuko Johannesburg, mtaa wa Malvern, katika vyumba viwili vya uani nyuma ya duka la matairi la Jules Street, na mke wa mwanawe anamwambia kwamba mjukuu wake hapikiwi uji. Anapewa unga mbichi.

"Mbichi vipi?" aliuliza siku aliyofika, hata vumbi la basi hajalioga.

"Mbichi, Mama. Huu mweupe wa wanga wa mahindi, maizena. Vijiko sita, maji baridi, unakoroga, anakunywa. Kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Usiupashe moto hata kidogo."

Nusaiba, huyo mkwe wake, alieleza vizuri, tusimsingizie. Alisema Zamda, mjukuu mwenyewe, ambaye alikuwa na miaka mitatu na nusu, alizaliwa na ini linaloweka sukari akiba lakini halijui kuitoa. Mtu mwingine akikaa na njaa, ini lake humfungulia ghala. La Zamda halifungui. Chakula cha kawaida kinamtosha saa moja, mbili, kisha sukari inaporomoka mwilini, mtoto anatoka jasho, analegea, anazimia. Asipowahiwa anakufa, au anaamka akiwa si yule tena. Unga mbichi unayeyuka tumboni polepole, ndio unaomvusha zile saa nne. Ukipikwa unaisha upesi kama chakula kingine chochote. "Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane," alisema akihesabu kwa vidole. "Mimi na Bakiri tutashika za jioni na za usiku. Wakati ukipita, Mama, tunamzika."

Mayasa aliitikia, ndiyo mwanangu, nimesikia. Na alikuwa amesikia kweli, kuamini ndiko kulikomshinda. Moyoni alisema watoto wa siku hizi daktari akiwaambia wale mawe watauliza mangapi. Mtoto mwenyewe alikuwa hapo mbele yake, mashavu yamejaa, tumbo limetangulia, anacheka. Mgonjwa gani huyo?

Lakini alikuwa ameitwa kwa kazi hiyohiyo. Krechi mbili za kulelea watoto za Kensington zilimkataa Zamda zilipoisikia ile habari ya unga wa kila baada ya saa nne. Nusaiba alikuwa msusi, saluni yake iko Yeoville, na Bakiri alikuwa mlinzi mlangoni pa duka kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Nani wa kukaa na mtoto kama si bibi yake?

Wiki tatu alitii. Wiki tatu, jamani, za vita. Unga ule ukikorogwa na maji baridi unakuwa kama chokaa ya kupaka ukutani, na Zamda akiuona tu unakuja alikuwa akikimbilia uvunguni mwa kitanda. Mayasa, na magoti yake yale, anainama, anamvuta mguu, mtoto anapiga kelele kwa Kiswahili na kwa Kizulu alichookota uani: "Bibi, sitaki! Bibi, angifuni!" Anakunywa nusu, anatapika robo, wanaanza upya. Wakimaliza wote wawili wanalia. Asubuhi moja Nusaiba alirudi kuchukua simu aliyoisahau, akamkuta mama mkwe ameshika kikombe na machozi yanamtiririka.

"Mama, mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema kwa upole.

Msemo kweli, lakini ulitoka kinywani mwa nani? Mwa kijana wa miaka ishirini na sita, kuambiwa mwanamke aliyelea saba na kuzika wawili. Mayasa aliumeza, ukamkaa kooni.

Aliyemaliza kazi ni Joséline. Joséline alikuwa jirani wa chumba cha mbele, Mrundi mwenzao wa mkoa wa Ngozi, muuza mboga, mtu mwema ila mdomo wake hauna breki. Aliingia kuazima kisu saa nne kamili, akaona ule unga unavyoteremka.

"Ee Mama Bakiri! Mnamlisha mtoto unga mbichi? Kwani kifaranga huyu?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na wewe uliyelisha Buyenzi nzima! Wakisikia huko kwetu?"

Hakuwa na nia mbaya, ni kicheko tu. Lakini kesho yake, Nusaiba alipokwisha kwenda kusimamisha teksi, Mayasa aliteka maji kwenye sufuria ndogo na kuwasha jiko.

Msimcheke, na msimwite mjinga. Alikuwa na hesabu zake. Unga ni uleule, vijiko ni vilevile sita, saa ni ileile. Moto unapunguza nini? Moto hauli unga. Alikoroga bila kuacha hata donge moja, akatia tangawizi kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, akapoza kwa kumimina huku na huku. Zamda alikuwa ameshajificha uvunguni. Harufu ikamfuata hukohuko. Akatoa kichwa, akatoa mabega, akaja mwenyewe. Alikunywa mpaka akalamba bakuli, akamnyooshea bibi yake.

"Futhi, Bibi," alisema, yaani tena.

Wallahi, Mayasa hakuwa amefurahi hivyo tangu ashuke kwenye basi. Alimbeba mjukuu wake akazunguka naye chumba kizima.

Siku ya kwanza hakikutokea kitu. Ya pili hakikutokea kitu. Laiti kingetokea! Lakini saa sita Mayasa alikuwa akimpa wali na maharage, na wali ndio uliokuwa ukimshikilia mtoto kila uji ulipoisha mwilini. Yeye hakulijua hilo. Alichokiona ni kwamba sheria ya daktari imevunjwa na mbingu haijaanguka. Saa kumi na mbili asubuhi, Nusaiba akiwapo, Zamda alikunywa unga mbichi na kulia. Saa nne na saa nane alikunywa uji na kucheka. Bibi na mjukuu wakawa na siri yao.

Yalikuwapo ya kuonekana, kwa mwenye kutaka kuona. Mtoto alianza kulala mchana usingizi mzito, na akiamka shingo imelowa. Mayasa alisema uji wa kushibisha ndivyo unavyolaza. Alasiri moja alimuita mara tatu naye akawa anamtazama tu, kama hajui yule anayeitwa ni nani. Mayasa alisema usingizi bado haujamtoka. Jioni ya siku ya sita Nusaiba alimtoboa kidole kupima sukari, akakitazama kile kipimo kinachoonyesha sukari imeshuka, akakifuta, akatoboa kidole kingine.

"Mama, saa nane alikunywa?"

"Alikunywa."

"Akamaliza?"

"Alimaliza, mwanangu. Siku hizi hasumbui hata."

Nusaiba alimshukuru. Alishika mikono ya mama mkwe wake yote miwili, akamwambia Mungu amlipe, maana yeye mwenyewe hajawahi kumnywesha Zamda bila ugomvi. Kisha akasema labda mtoto anakua, unga haumtoshi, tuongeze kijiko cha saba mpaka siku ya kliniki. Mayasa akasema sawa. Kesho yake akapika vijiko saba.

Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi. Saa nne Zamda alikunywa uji, akataka tena, na bibi yake akammiminia wote uliobaki sufuriani. Saa sita wali ulipoiva mtoto alikuwa ameshiba, akaufungia mdomo, akaenda kujilaza kwenye mkeka. Mayasa hakumlazimisha. Alimfunika kanga, akaswali adhuhuri kando yake, akakaa kuchambua maharage.

Saa saba Nusaiba alipiga simu. "Mama, Zamda yuko vipi?"

"Amelala, mashallah. Ametulia tuli."

"Amekula?"

"Uji—" alisema, akajikata. "Unga wake amekunywa. Wote."

"Saa nane umwamshe, Mama. Nakuomba. Hata kama amelala vizuri vipi."

Kwao mtoto aliyelala haamshwi, lakini Mayasa alisema atamwamsha. Saa nane kasorobo alibandika sufuria. Saa nane alichukua bakuli, akaenda mkekani, akamwita kwa sauti ya kubembeleza. Mtoto kimya. Akamgusa shavu. Shavu lilikuwa la baridi, limelowa kama limetoka kisimani, na Mayasa alijua palepale. Nasema alijua. Mikono yake ilikuwa imeosha maiti za watoto wawili, hakuhitaji daktari wa kumwambia baridi ile ni ya namna gani.

"Zamda! Zamda we! Mama yangu we!"

Macho yalifunguka nusu, meupe matupu. Meno yamebana. Alimtilia uji kwenye pembe ya mdomo, ukatiririka shingoni. Hapo ndipo alipokumbuka mfuko mwekundu uliotundikwa nyuma ya mlango, ambao Nusaiba alimwonyesha siku ya kwanza: ukimkuta hivi, Mama, paka hii sukari ya majimaji ndani ya mashavu yake, paka tu, usimnyweshe. Alipaka. Anapaka huku anamlilia Joséline kwa sauti iliyowatoa mafundi wa matairi mpaka uani. Mmoja wao alileta bakkie yake, gari dogo la mizigo. Walipita robot mbili, taa za barabarani, zikiwa nyekundu.

Hospitali walimtundikia maji ya sukari kwa sindano ya mkononi, wakamrudisha duniani. Ndiyo, walimrudisha. Alifumbua macho saa kumi, akalia, na kilio kile kilikuwa kizuri kuliko adhana. Lakini alilala tena, na daktari, dada mmoja kijana mwenye miwani, alisema hawezi kuapa kwamba kichwa hakijadhurika mpaka wamwone kesho. Nusaiba alikuwa ameshafika na nywele za bandia za mteja bado zimemganda kwenye blauzi. Yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri.

"Anauliza kama saa nne ulimpa unga."

"Nilimpa."

"Vijiko saba?"

"Saba."

"Akamaliza?"

"Akamaliza."

Hakuna neno hapo lililokuwa la uongo. Mayasa alijibu kila moja akitazama sakafu, na kila alipojibu daktari aliandika.

Bakiri alifika na sare yake ya ulinzi. Alisimama mbele ya mama yake, mtu mzima analia. "Mama, usinifiche. Ulisahau? Ulilala? Niambie tu, sitakugombeza."

Angelisema hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Lakini Nusaiba aliingia kati, akamshika mumewe kifuani.

"Usimuulize mama yako hivyo! Mimi nilipiga simu mwenyewe. Wallahi billahi alimpa. Mtu anayemnywesha mtoto huyu bila kilio, leo ndiye wa kusingiziwa?"

Ukitetewa na mtu aliyeapa kwa Mungu kwa ajili yako, unaanzia wapi kumwambia amekula kiapo cha bure? Alimwogopa mwanawe, alimwogopa mkwewe, aliogopa basi la kurudi Bujumbura na maswali ya barazani. Usiku kucha aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda akijiambia asubuhi nitasema, asubuhi nitasema.

Asubuhi daktari alikuja na karatasi. Nusaiba alisikiliza, akakunja uso, akawageukia.

"Anasema kama vijiko saba havikumvusha zile saa nne, basi unga haumfai tena. Mwili umeukataa. Wanataka kumpasua tumbo leo mchana, watie mpira, mashine imlishe mfululizo. Anasema dawa ya usingizi kwa mtoto kama huyu ina hatari yake, lakini hawaoni njia nyingine." Alimsogezea Bakiri ile karatasi. "Tuweke sahihi."

Bakiri alichukua kalamu. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Nilipika," alisema Mayasa.

Hawakumwelewa. Nusaiba aliuliza ulipika nini, Mama, akidhani mama mkwe anazungumzia chakula cha kuwaletea.

"Unga wa Zamda. Nilimpikia uji. Saa nne na saa nane, siku tisa. Alikuwa analia, na mimi... nilimpikia."

Bakiri aliweka kalamu chini polepole. Daktari alitazama huyu, akatazama yule, akangoja atafsiriwe, na ilimbidi Nusaiba aseme yote yale kwa Kiingereza kwa mdomo wake mwenyewe, neno kwa neno. Daktari aliichukua karatasi, akaikunja. Hakukasirika. Alisema sawasawa, basi hakuna upasuaji, tungempasua bure.

Nusaiba hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Niliapa, Mama," alisema. "Nilimshika mume wangu kifuani nikaapa."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilikushika mikono nikakuombea dua."

Mayasa alishuka kwenye kiti mpaka chini, akataka kushika miguu ya mkwewe. Nusaiba akairudisha nyuma.

Daktari alipanga hivi: saa nane Zamda atakunywa unga mbichi, wachomoe ile sindano, wampime kila nusu saa waone kama utamvusha. Akikataa kunywa watampitishia mpira puani. Na nyumbani, alisema, nyumbani lazima anywe kwa mdomo, mara sita kwa siku, miaka na miaka, maana huko hakutakuwa na nesi.

Saa nane kasoro dakika kumi Zamda alikuwa ameketi, mto nyuma yake. Macho yake yalikuwa yanafuata watu, alijua majina, Mungu mkubwa. Nusaiba alikoroga unga na maji baridi, akamsogezea. Mtoto alinusa tu, akafunga mdomo.

"Kunywa, mama."

Kichwa kikatikisika. "Uji wa Bibi."

Nesi alijaribu kwa kijiko. Ukatemwa kwenye shuka. Bakiri alijaribu kwa kuimba, akajaribu kwa kufoka, ukatemwa. "Angifuni! Uji wa Bibi!" Siku tisa zilikuwa zimetosha. Zamani alikuwa akilia akaunywa, maana hakujua kitu kingine. Sasa alijua. Nesi alitazama saa ukutani, akatoka kwenda kuleta mpira.

Nusaiba alisimama na kikombe mkononi. Tangu asubuhi hakuwa amemtazama mama mkwe wake. Sasa alimtazama.

"Mpe wewe," alisema. "Wewe anakufungulia mdomo."

Mayasa alinyanyuka. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Zamda alipomwona anakuja uso ulimchangamka.

"Bibi! Ni uji?"

Mayasa aligeuka. Nusaiba aliitikia kwa kichwa, sema ndiyo. Bakiri akainamisha macho.

"Ni uji, mwanangu."

Mdomo ukafunguka, wazi, hata meno ya nyuma yakaonekana. Alimtilia funda la kwanza, kubwa. Mtoto alimeza kabla ya kuonja, kisha ladha ikamfika. Hakulia. Alimtazama bibi yake usoni muda mrefu, anachunguza.

"Bibi, si uji."

"Ni uji," alisema Mayasa. "Kunywa."

Na Zamda, kwa vile mkono ule haukuwa umemdanganya hata siku moja, akafungua tena. Funda la pili. Akauliza tena, akajibiwa vilevile, akafungua tena. Nesi alirudi na mpira wake akasimama mlangoni, hakuingia. Kwenye funda la tano mtoto aliuliza kwa kunong'ona. Kwenye la saba aliacha kuuliza. Alifumba macho, akafungua mdomo, akangoja amiminiwe, machozi yanamshuka bila sauti, mpaka kikombe kikaisha.

"Vizuri," alisema Nusaiba, akampokea kikombe. Alikisuuza pale kwenye sinki, akakiweka tayari juu ya kabati. "Saa kumi na mbili utampa tena, Mama."